Masijala iliyokwenda Hija

Juni 2024, saa tatu za usiku, mtoto wa kaka yangu alinipigia simu. Hata shikamoo yake aliitoa mbiombio. "Shangazi, nimekwama. Natakiwa makaratasi ya kontena la 2021, na Mzee yuko Makka."

Sikuuliza Mzee anahusianaje na kontena. Nilifanya kazi masijala za serikali, yaani ofisi za kutunza mafaili, miaka 26 kabla ya kustaafu, na sijaona ofisi isiyokuwa na mtu wa namna hiyo: anayejua kila karatasi ilipo, asiyehitaji orodha. Ukimwuliza huinuka pole pole, akaenda kwenye rundo ambalo wewe umelipita mara kumi, akachomoa. Watu humsifu. Mimi humwogopa, kwa sababu siku akiugua, akistaafu au akipata nasibu ya kwenda Hija, masijala nayo hupanda ndege.

Ofisi yenyewe ni ya mpwa wangu huyo, ya uwakala wa forodha. Watu saba, vyumba vitatu, ghorofani katika jengo la zamani nyuma ya Barabara ya Nkrumah, Mombasa, pale Mji wa Kale unapoanza kuchungulia. Hutoa mizigo Kilindini kwa niaba ya wenye mali: vigae, vipuri, mchele, mitumba. Kwa mwezi hufungua kazi kama 25. Barua iliyomtia joto mpwa wangu ilitoka kwa wakaguzi wanaopitia mizigo iliyokwisha kutoka bandarini, na walitaka nyaraka zote za shehena moja ya vigae. Ofisi nzima ilitafuta siku tatu ikapata karatasi tisa. Zilikosekana mbili, na ndizo zilizotakiwa hasa: ankara ya muuzaji na stakabadhi ya bima ya baharini. Ushuru wetu hukokotolewa juu ya bei, bima na nauli ya meli kwa pamoja, kwa hiyo ukikosa mbili katika hizo, hesabu yako yote ni maneno matupu.

Alikuwa tayari ameshaagiza makabati mawili mapya ya chuma. Nikamwambia ampigie fundi asimamishe.

Nilichokikuta

Palikuwa na kabati moja la droo nne lililotumika na jingine lililofungwa, ufunguo haujulikani ulipo tangu kabla ya korona. Katika droo nne za lile linalofunguka, tatu zilibandikwa neno moja: MENGINEYO. Chini ya meza ya mhasibu palikuwa na boksi faili kumi na kitu zimelala ubavu. Juu ya meza yake palisimama mwiba wa chuma wa kuchomea stakabadhi, umejaa mpaka ncha haionekani. Chini ya ngazi kulikuwa na magunia mawili ya katani. Kijana wa bandarini aliniambia kwa heshima zote, "Hayo ni ya zamani, mama, hayana kazi." Ya zamani gani? Juu kabisa ya gunia la kwanza nilikuta hati ya mwezi wa Februari mwaka ule ule.

Nilivuta faili moja bila kuchagua nikalifungua juu ya meza, nikawaita wote waje watazame. Jalada la manila limelegea kama chapati ya jana. Ndani, karatasi zimeshikwa kwa pini iliyoshika kutu. Nilipoitoa, iliacha doa la kahawia na kuondoka na kona ya ukurasa wa kwanza. Entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, ilikuwamo nakala tatu, zote sawasawa. Ankara ilikuwa ya ukubwa wa fulskepu, imekunjwa chini ili iingie, na mkunjo umekatika, mstari wa jumla ya bei umebaki kwenye kipande kinachoning'inia. Palikuwa na kadi ya mwaliko wa harusi. Palikuwa na orodha ya sokoni nyuma ya barua ya mteja: nazi nne, bizari, kitunguu kilo. Na palikuwa na vijikaratasi sita virefu, vyembamba, vyeupe pande zote mbili.

"Hivi ni nini?" nikauliza.

Mhasibu akavigeuza geuza. "Ni risiti."

Zilikuwa risiti. Karatasi ya mashine ndogo za risiti haichapwi kwa wino. Ina dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na joto, mwanga au mafuta ya mkono huendelea kuisumbua mpaka maandishi yanafifia. Kwa hari ya Mombasa, ndani ya droo ya chuma iliyo karibu na dirisha la magharibi, hazidumu. Tangu siku ile, risiti ya aina hiyo ikiingia ofisini hutolewa nakala kwenye karatasi ya kawaida siku hiyo hiyo, asili ikapigwa stepla nyuma ya nakala. Ni kazi ya dakika moja, na katika yote niliyowafundisha ndiyo iliyowaokolea pesa mapema zaidi.

Watu huitaje faili?

Mpwa wangu alitaka nianze kupanga kesho yake. Nikamwambia nipe siku tano za kukaa kitini bila kufanya kitu. Alinitazama kama mtu aliyelipia teksi isiyowashwa injini.

Nilikuwa na daftari. Kila mtu alipoulizia faili, nililiandika neno lile alilolitaja kwanza. Si faili lilikokuwa, wala muda uliopita kulitafuta, bali aliliitaje. Siku tano zilinipa maombi 41. Mara 19 mtu alitaja jina la mteja. Mara 12 alitaja namba ya kontena, zile herufi nne na tarakimu saba zilizoandikwa mlangoni mwake. Mara 7 alitaja namba ya hati ya shehena, ambayo vijana wa bandarini huiita bi-eli. Mara 3 zilizobaki alitaja jina la meli, au "ile ya kabla ya Idi".

Hakuna aliyetaja mwezi. Na Mzee alikuwa amepanga kila kitu kwa mwezi, tena mwezi ambao kazi ilikwisha, si ulioanza. Kwake ilikuwa sahihi, maana kichwani mwake miezi ilikuwa na sura: Machi ya mvua ile, Agosti ya uchaguzi. Kwa wengine sita ulikuwa msitu.

Ndipo tukafika kwenye swali ambalo ofisi nyingi hulipita mbio: faili lipangwe kwa kipi? Jibu la kwanza la kila mtu lilikuwa jina la mteja, kwa alfabeti, kama walivyosoma shuleni. Nikawapa karatasi na mtihani mdogo. Andikeni Mohamed. Nikapata Mohamed, Mohammed, Muhammad na Muhamadi, watu sita maumbo manne. Haya, mteja mwenye majina matatu, la kwake, la baba na la babu: tumweke kwa lipi? Vitabu vya ukarani vilivyotufundisha viliandikwa kwa watu wenye jina la ukoo, hivyo vinakwambia anza na la mwisho. Pwani la mwisho ni la babu, na hakuna anayeingia ofisini akauliza faili la babu. Ukianza na la mwisho, ndugu wawili wa baba mmoja wanakaa droo moja na wateja kumi wasiohusiana nao ambao babu zao pia walikuwa akina Salim. Ongeza Sheikh, Haji, Sharifu, Mwinyi, bin, Al, na maduka yanayobadilisha jina kila leseni ikiisha.

Namba ya kontena nayo haifai, ingawa ndiyo inayoulizwa bandarini. Kontena ni chombo cha kuazima. Mwaka huu limeleta vigae vya huyu, mwakani litarudi Kilindini na mchele wa yule, na namba ni ile ile. Hati moja ya shehena pia yaweza kubeba makontena manne. Kila alama tuliyoijaribu ilikuwa ama inajirudia, ama inabadilika, ama inaandikwa kila mtu na anavyojua.

Kilichobaki ni namba ya ofisi yenyewe. Kazi ikifunguliwa inapewa mwaka na nambari ya zamu: 24/0001, 24/0002, mpaka mwaka uishe. Hairudiwi, haina imla, haimhusu babu wa mtu. Mafaili yanasimama kwa namba hiyo na si kwa kitu kingine. Kasoro yake moja ni kwamba hakuna mteja anayeijua. Kasoro hiyo huzibwa na orodha, na hapa ndipo kazi halisi ilipo, maana kupanga majalada kwa tarakimu hata mtoto wa darasa la pili anaweza.

Orodha tuliiweka mara mbili. Ya kwanza ni kaunta buku la kurasa nene, mstari mmoja kwa kila kazi: namba, tarehe, mteja, hati ya shehena, makontena, aina ya mzigo, na safu ya mwisho tupu kwa ajili ya tarehe ya kufunga. Ya pili ni kisanduku cha kadi za majina. Kila mteja ana kadi moja, na namba za kazi zake zote zinashuka chini kama ngazi. Kadi zinakwenda kwa jina la kwanza, kama lilivyo kwenye kitambulisho, bila kupindua. Vyeo havihesabiwi. Akina Mohamed wote wanakaa pamoja kwa imla moja tuliyoichagua sisi, na mahali pa imla nyingine kuna kadi inayosema tu: "Muhammad: tazama Mohamed". Mhasibu alisema inachekesha. Wiki ya pili alikuwa anaitumia bila kujijua.

Bila shaka kijana mmoja aliniuliza, "Kwani, shangazi, tusiskani tu yote tuyatie kwenye kompyuta?" Nikamwomba anionyeshe waliyokwisha kuskani. Alifungua folda: scan0001, scan0002, scan0003, mpaka mia tisa na ushei. Lile lilikuwa gunia la chini ya ngazi, ila halina mende. Sasa wanaskani, na kila picha inapewa namba ile ile ya jalada, na mengi ya forodha siku hizi yako mtandaoni hata hivyo. Lakini hati yenye muhuri wa wino na sahihi ya mkono bado inatakiwa ikae mahali.

Jalada, tagi na kutu

Serikalini tulikuwa tukitoboa tundu moja pembe ya juu kushoto na kupitisha tagi. Wengi hulidharau tundu hilo moja na kupenda panchi ya matundu mawili, ambayo matundu yake yako milimita 80 mbalimbali na ni safi kwa A4. Lakini ofisi ya forodha hupokea karatasi za kila nchi na kila kimo: A4, fulskepu inayozidi A4 kwa sentimita tatu na kidogo, kijirisiti cha upana wa vidole vitatu. Kwa tundu la pembeni zote zinaning'inia kutoka sehemu moja, hakuna inayokunjwa. Nikaagiza tagi zenye ncha za plastiki. Za chuma hapa zinakula kutu, na pini na klipu ndiyo usiseme: upepo wa bahari unaingia kila dirisha, kusi kaskazi, chumvi haina likizo.

Kila karatasi inayoingia hupewa namba ya folio kwa kalamu nyekundu, ndani ya duara, pembe ya juu kulia. Namba moja chini kabisa, mpya juu. Ukiona 14 kisha 16, huna haja ya kuuliza kama kuna iliyochomolewa.

Upande wa ndani wa jalada tukabandika orodha ya hati kumi na moja ambazo kazi ya kawaida lazima iwe nazo, kila moja na kisanduku cha kutia tiki. Hati ya shehena, ankara, orodha ya vifurushi, tamko la uagizaji, cheti cha ubora, bima, entri, delivari oda (ruhusa ya wenye meli ya kutoa mzigo), malipo ya bandari, hati ya kutokea getini, na ya kumi na moja ni risiti ya kurudisha kontena tupu. Hii ya mwisho hupuuzwa kwa sababu mteja ameshachukua mali yake na ameshasahau. Lakini bila hiyo wenye meli hawarudishi amana, na mwenye kontena anaweza kusema bado liko kwako na saa inahesabu. Faili halifungwi mpaka tiki ya kumi na moja iingie. Mwezi wa kwanza tu tulikuta kazi nne ambazo amana zake zilikuwa bado kudaiwa.

Uzito ni jambo ambalo sikulitarajia kunichukua siku nzima. Rimu ya A4 ya gramu 80 ina karatasi 500 na uzito wa kilo 2.5. Kazi 300 kwa mwaka, kila moja karatasi kama 40, ni karatasi 12,000, rimu 24, kilo 60 kabla ya kuhesabu majalada na kabati lenyewe. Weka miaka sita na una zaidi ya kilo 360 za karatasi ghorofani, katika jengo ambalo sakafu yake ni boriti za mikoko zilizolazwa ukuta hadi ukuta, mawe ya matumbawe na chokaa juu yake. Boriti hizo zimestahimili vizazi, lakini zilijengewa watu na vitanda. Kwa hiyo ghorofani kumebaki mwaka huu na mwaka jana tu, makabati mawili, yamesimama kwenye ukuta zinapoingia ncha za boriti na si katikati ya chumba. Tulimpata fundi wa kufuli akafungua lile lililofungwa. Ndani mlikuwa na majalada matupu mia mbili, mapya, ambayo yalinunuliwa mara ya pili baadaye.

Ya zamani yalishuka chini, kwenye stoo, ndani ya masanduku magumu ya kadi juu ya chaga za mbao. Hayagusi sakafu kwa sababu ya maji ya masika na mchwa, wala hayagusi ukuta kwa sababu ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuupumua. Kile kijidudu chembamba cha rangi ya fedha kinachokimbia ukifunua kitabu hupenda giza lenye unyevu, basi mlango wa stoo hufunguliwa kila asubuhi na feni huwashwa kwa muda wa saa mbili. Mapema Machi, kabla mvua haijashika, kila sanduku hufunuliwa na kuangaliwa chini. Sikuweka nafthalini. Harufu yake humfukuza karani kabla ya mdudu.

Miaka mingapi?

Hapa nitakwenda haraka, maana ni jambo la sheria na si la maoni yangu. Sheria ya Kenya ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka hati zitunzwe miaka 5 tangu mwisho wa kipindi zinachokihusu, na zaidi kama kuna shauri halijaisha. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa afisa nafasi ya kukudai hati ndani ya miaka 5 tangu mzigo kuingia. Anayekudai kwa mkataba ana miaka 6 ya kwenda mahakamani. Maelezo ya ajira ya mfanyakazi hukaa miaka 5 baada ya yeye kuondoka. Tukachukua iliyo ndefu tukaongeza kidogo: faili la kazi hukaa mpaka miaka 6 ipite baada ya mwaka wake kufungwa, halafu hupitiwa moja moja na kuandikwa kwenye daftari la kuteketeza kabla ya kuguswa.

Kuteketeza ndiko kulikonitia wasiwasi kuliko kutunza. Siku moja mpwa wangu alinunua njugu njiani, karibu na Mwembe Tayari, akaikunjua ile koni ya karatasi alipomaliza. Ilikuwa nakala ya pasipoti ya mtu, picha na yote, si mteja wake, alhamdulillahi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, karatasi za ofisi zina soko zuri mtaani. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haitazami kompyuta peke yake. Jalada lililopangwa lenye kitambulisho cha mtu limo pia. Magunia mawili ya chini ya ngazi yangeenda huko huko. Walinunua mashine ndogo ya kukatakata.

Mzee alirudi akiwa Haji

Alirudi na tende, maji ya Zamzam na kikohozi. Alipoingia akakuta mahali pa miezi yake pamesimama namba. Hakusema neno. Alikaa, akanywa kahawa, akaniambia, "Dadangu, mumenizika ningali hai."

Nilistahili. Kosa langu kubwa katika kazi hii ni kwamba nilipanga nusu nzima bila yeye, kwa haraka ya ile barua. Kila kitu alichokuwa nacho kichwani ningeweza kumwuliza baada ya wiki nne, na baadhi yake sikukipata tena. Kwa mfano, alikuwa akikunja kona ya jalada la mteja mbishi. Mimi nilizinyoosha zote kwa chuma cha kupigia pasi.

Nilikwenda kwake nyumbani jioni ile na kisanduku cha kadi tupu. Nikamwambia wateja mia tatu na kitu wana majina ya kwenye kitambulisho, lakini bandarini na madukani wanaitwa vingine, na hayo yuko mmoja tu anayeyajua. Akaanza na mmoja anayejulikana kwa jina la mguu wake mbovu. Tulimaliza usiku wa nne. Majina hayo ya utani yameandikwa kwa penseli nyuma ya kadi, na mengine siwezi kuyarudia hapa. "Mali bila daftari huisha bila habari," akasema akifunga kisanduku, kama kwamba neno hilo lilikuwa lake tangu mwanzo na mimi ndiye nilikuwa nikilipinga.

Yeye ndiye aliyepewa funguo. Serikalini masijala ilikuwa ya kufungwa, hakuna anayegusa jalada ila karani. Hapa haiwezekani, kijana wa bandarini huondoka alfajiri kabla mtu hajafika. Kwa hiyo tukatumia kadi nyekundu: kipande cha kadi ngumu cha kimo cha jalada. Ukitoa faili, unaandika kwenye kadi namba, jina lako na tarehe, unaisimamisha mahali lilipotoka. Kadi ziko kumi tu, kwa makusudi. Zikiisha, hakuna faili linalotoka mpaka moja lirudi. Wiki mbili za kwanza nilizikuta zimelala tupu juu ya kabati na mafaili yako nje. Haji akaanza kupita jioni meza kwa meza akikusanya majalada yote yasiyo na kadi na kuyafungia. Asubuhi mwenye shida anamfuata na kuomba msamaha. Haikuchukua siku tano.

Na zile karatasi mbili? Ankara ya vigae ilitokea tukipanga, ndani ya faili la Muhammad mwingine, mteja wa vipuri, ambaye hakuwahi kuleta kigae maishani mwake. Stakabadhi ya bima tuliipata kwenye mwiba wa mhasibu, ya saba kutoka chini. Ilikuwa nyeupe. Tuliitambua kwa tundu la stepla na namba ya kontena ambayo mtu aliandika kwa kalamu nyuma. Mpwa wangu aliomba siku za nyongeza, kampuni ya bima ikatoa nakala nyingine, barua ikajibiwa.

Nilipita tena ofisini Februari iliyofuata, bila taarifa, nikataja namba ya kontena ya mwezi wa Septemba. Kijana alifungua kaunta buku, akateremsha kidole, akaenda kabatini, akarudi na jalada. Nilihesabu kimoyomoyo, sikufika hamsini. Nilipokuwa nalirudisha mwenyewe, niliona droo ya pili kadi nyekundu iliyopinda kwa kukaa sana. Tarehe yake ilikuwa ya wiki tatu nyuma, na jina ni la mwenye ofisi.

Nikamwonyesha Haji. Akavaa miwani, akaisoma kadi pole pole, akachukua simu.

"Mwanangu, hujambo? Iko 25/0019 kwenye buti la gari lako. Nakungoja hapa mpaka magharibi."

Nje adhana ya alasiri ilikuwa inaanza.